Hisabati Nayo Ipewe Ukurasa Wake

Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na katika magazeti mengi ya Kiswahili yaliyofuata baada yake, wasomaji wetu wamekuwa na ada moja njema ambayo haijapewa sifa inayostahili: karani wa bandari, mkulima wa bara, baharia na mwalimu wa shule hutunga mashairi, huyapeleka kwa mhariri, na huyaona yamepigwa chapa pamoja na habari nzito za dunia. Mmoja hutoa fumbo. Mwingine, aliye mji wa mbali na asiyepata kumwona mwenziwe hata siku moja, hulifumbua kwa vina na mizani ile ile. Wa tatu hutokea akawasahihisha wote wawili kwa adabu, na mjadala huendelea mbele ya watu wengi ambao hawakuandika neno, lakini walisoma, wakapima, wakaamua nafsini mwao nani ameshinda. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha shahada kabla ya kuingia katika baraza hilo. Kwa njia hiyo ushairi ulibaki kuwa mali ya umma, na wengi waliojua kutunga walijifunza humo. Nathubutu kusema kwamba hisabati inastahili baraza kama hilo katika magazeti yetu, na kwamba ikilipata, watu wengi wanaodhani kuwa wanaichukia watatambua kwamba hawajapata kukutana nayo.

Chuki hiyo ipo, wala haifai kufichwa. Mtu mzima, mwenye heshima na cheo chake, ambaye angeona haya kukiri mbele ya wageni kwamba hawezi kusoma barua, husema waziwazi, na pengine kwa majivuno, kwamba hesabu zilimshinda tangu utoto. Katika Tanzania hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yanayoangusha watahiniwa wengi kupita mengine katika mtihani wa kidato cha nne, na anayeanguka huondoka shuleni akiitakidi kwamba akili yake ina kasoro. Mimi naona kasoro imo katika namna tulivyozoea kuitoa elimu hii. Mtoto hupewa kanuni kabla ya kupewa swali ambalo kanuni hiyo ilibuniwa ili ilijibu. Huamrishwa, anapogawanya sehemu kwa sehemu, aigeuze ya pili juu chini kisha azidishe, naye hutii. Lakini haambiwi kwa nini, na asiyejua sababu hana budi kukariri, na aliyekariri husahau, na aliyesahau huaibishwa mbele ya wenzake. Mafunzo ya namna hiyo, yakirudiwa mwaka hata mwaka, yatosha kumfanya mtu aikimbie namba popote aionapo.

Walakini watu hao hao, wakiisha kutoka darasani, huhesabu kwa furaha. Mtazame mchezaji stadi wa bao, aliyeketi mbele ya safu nne za mashimo manane manane na kete 64: kabla mkono wake haujagusa kete, amekwisha kuona mtaji wake utapita wapi, utakula wapi, utazunguka mara ngapi na utalala shimo gani, na amekwisha kupima kadhalika mwenziwe atajibu nini, na wanaomzunguka, ambao aghalabu hawakualikwa, hulumbana naye kuhusu hesabu hiyo hata magharibi. Mtazame mtunzi wa tarbia, ambaye hupima mizani 8 kwa ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 kwa utao, nusu yake ya pili, mishororo minne kwa kila ubeti, hata ubeti ukatimia mizani 64, idadi ile ile ya kete za bao, naye sikio lake humwambia mara moja iwapo mizani moja imepotea njiani. Wazee wetu wa pwani, kwa upande wao, walikuwa na mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, walioupanga kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano juu yake. Kwa miongo hiyo manahodha walijua majira ya kusi na kaskazi, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo, ulio na siku 354 au 355, hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka na hauwezi kumwambia baharia lini pepo zitageuka. Mwaka huo ndio unaosherehekewa hata leo Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa. Wote hawa walihesabu bila ya kutishwa, kwa kuwa walikuwa na jambo walilotaka kulijua, walikuwa na wenzao wa kujadiliana nao, na walikuwa na wasaa wa kufikiri.

Watu wengine huamini kwamba hisabati ya kweli haiwezi kusemwa kwa lugha ya watu wote, na kwamba ikivuliwa alama zake huacha kuwa hisabati. Historia yawakanusha. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliandika takriban mwaka 820 kitabu cha al-jabr na al-muqabala, ambacho ndicho kilichoifanya aljebra kuwa elimu inayojitegemea. Katika dibaji alieleza kwamba amekusudia mambo ambayo watu huyahitaji katika mirathi na wasia, katika kugawana mali na kushtakiana, katika biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Na sehemu kubwa ya kitabu chake ni mas'ala ya wasia. Humo hamna herufi ya kusimama badala ya namba isiyojulikana, hamna alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Hata namba zenyewe ameziandika kwa maneno. Kitabu kilichofunza Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi kiliandikwa kwa nathari, na mtu aliyejua kusoma aliweza kukifuata.

Swali lake moja mashuhuri ni hili: mraba wa namba fulani ukijumlishwa na mara kumi ya namba hiyo, jumla yake ni 39, ni namba gani? Mwanafunzi wa sekondari hulikuta swali hili katika milinganyo ya kipeo cha pili, akapewa kanuni ndefu ya kukariri. Al-Khwarizmi alichora umbo. Tulichukue kuwa ni shamba la mraba, ambalo urefu wa upande wake hatuujui. Ongeza ubavuni mwake, upande wa mashariki, kipande chenye upana wa hatua 5, na upande wa kusini kipande kingine chenye upana huo huo. Vipande viwili hivyo pamoja vina eneo la mara kumi ya upande wa shamba, kwa hiyo shamba na vipande vyake ni 39. Sasa tazama pembeni, kusini mashariki, pale vipande viwili vinapokutana kwa ncha tu: pana pengo la mraba, hatua 5 kwa hatua 5, yaani 25. Lijaze pengo hilo, na umbo zima litakuwa mraba mmoja mkubwa, wenye eneo la 39 na 25, yaani 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa hatua 8. Toa 5 ulizoongeza, zinabaki 3. Ndiyo namba iliyotafutwa, kwani mraba wa 3 ni 9, na mara kumi ya 3 ni 30, na jumla ni 39. Msomaji aliyefuata maneno haya hata mwisho amekwisha kuifahamu burhani, na burhani ndiyo roho ya hisabati. Hakuhitaji zaidi ya jicho la moyo na subira ya dakika chache.

Fauka ya hayo, yamo katika maisha yetu mas'ala ambayo watu huyajadili kwa hamu kubwa bila ya kujua kwamba wanajadili hisabati, na hayo ndiyo yanayofaa kuwa mlango wa mwandishi. Mirathi ni mfano ulio karibu. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Ali bin Abi Talib aliulizwa, naye yuko juu ya mimbari, juu ya mtu aliyekufa akaacha mke, binti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, binti wawili wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi. Ukitafuta kigawe kidogo cha shirika cha 8, 3 na 6, kile ambacho kila mwanafunzi wa shule ya msingi hukiita KDS, utapata 24. Na katika mafungu 24 mke anastahili 3, binti wawili 16, baba 4 na mama 4. Jumlisha: ni 27. Mafungu yanayodaiwa ni 27, na mali ina mafungu 24 tu. Atapunguziwa nani? Jawabu lililotolewa papo hapo, na ambalo wanazuoni wa faraidhi huliita mas'ala ya mimbari, ni kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui: mali igawanywe kwa 27, na kila mtu achukue mafungu yale yale aliyokuwa nayo. Kama mali ni shilingi 2,700,000, mke atapata 300,000, binti wawili 1,600,000, baba 400,000 na mama 400,000. Kila mmoja amepunguziwa kwa uwiano mmoja, na hapana aliyedhulumiwa kwa ajili ya mwenzake. Niambie, ewe msomaji, kama hapa kuna mtu atakayeuliza hesabu hii ina faida gani. Insafu yenyewe imesimama juu ya KDS.

Huenda akatokea wa kusema kwamba mambo ya kale ni mazuri kuyasimulia, lakini gazeti la leo haliwezi kumfanya msomaji wa kawaida ajishughulishe na hisabati kwa hiari yake. Lipo jarida lililofanya hivyo, na natija yake yajulikana. Martin Gardner, aliyezaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1914, alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Chicago na hakuwa na shahada ya hisabati. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliandika katika jarida la Scientific American la Marekani makala juu ya maumbo ya karatasi zinazokunjwa, yakapendwa mno, na tangu Januari 1957 akapewa safu yake ya kila mwezi juu ya michezo ya hisabati, ambayo aliiandika kwa takriban robo karne. Alieleza mafumbo, michezo, mazingaombwe, maumbo na bahati nasibu, kwa lugha ya mtu anayezungumza na mwenziwe. Na kwa kuwa hakuwa amebobea, ilimlazimu aelewe kila hatua yeye mwenyewe kabla ya kuiandika, na hatua aliyoielewa kwa jitihada aliweza kuieleza. Wanahisabati wengi wa nchi ile hukiri kwamba ni safu hiyo iliyowavuta utotoni.

Mwezi wa Julai 1975 aliandika juu ya vigae, na kisa kilichofuata ndicho ninachotaka kila mhariri wa Kiswahili akijue. Sakafu hufunikwa bila ya kuacha nafasi pale tu ambapo pembe za vigae vinavyokutana katika nukta moja zinatimiza mzunguko mzima, yaani nyuzi 360. Pembetatu ya pande sawa ina pembe za nyuzi 60, nazo sita hutimiza 360. Mraba una nyuzi 90, nazo nne hutosha. Pembesita ya pande sawa, ambayo nyuki huijenga katika masega yake, ina nyuzi 120, nazo tatu hutosha. Lakini pembetano ya pande sawa na pembe sawa ina nyuzi 108: tatu ni 324, zikabaki 36 zisizoweza kujazwa, na nne ni 432, ambazo zimepita. Ndiyo sababu fundi hana vigae vya pembetano za namna hiyo dukani, na hatakuwa navyo hata dunia iishe. Hata hivyo, pembetano zisizo na pande sawa zipo zinazofunika sakafu vizuri, na swali ni aina ngapi, tukihesabu zile tu ambazo hazina kona iliyobonyea ndani. Mjerumani Karl Reinhardt alitaja aina 5 mwaka 1918. Mmarekani Richard Kershner aliongeza 3 mwaka 1968, akadhani orodha imetimia kwa aina 8. Gardner aliwapelekea wasomaji wake habari hiyo, na haukupita muda msomaji mmoja, Richard James, akaleta aina ya tisa.

Mjini San Diego, California, alikuwako mama wa watoto watano, Bibi Marjorie Rice, ambaye elimu yake ya hisabati iliishia shule ya sekondari. Jarida hilo lilikuwa likiletwa nyumbani kwake kwa ajili ya mwanawe, naye alikuwa akilisoma. Aliposoma kwamba orodha ya wataalamu ilikuwa imekosea mara moja, akashikwa na shauku ya kujua kama imekosea tena. Hakuwa na alama za kitaalamu za kuandikia mawazo yake, basi akabuni zake mwenyewe. Akachora jikoni, katikati ya shughuli za nyumba, akizificha karatasi zake alipoingia mtu. Na kufikia mwaka 1977 alikuwa amevumbua aina nne mpya za pembetano, ambazo hakuna mwanadamu aliyezijua kabla yake. Alimwandikia Gardner, Gardner akazipeleka kwa mwanahisabati Doris Schattschneider, naye baada ya kuzichunguza akatoa ushahidi hadharani kwamba ni sahihi. Mwaka 2017, mwaka aliofariki Bibi Rice, Mfaransa Michaël Rao alitangaza burhani, kwa msaada wa kompyuta, kwamba aina zote ni 15. Katika hizo 15, nne ni za mama huyo. Sakafu ya ukumbi wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini Washington ilipambwa kwa vigae vya umbo alilolivumbua.

Sikisimulii kisa hiki ili kila msomaji atumaini kuvumbua jambo jipya. Nakisimulia kwa sababu chaonyesha mambo matatu ambayo mwandishi wa hisabati kwa umma hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba aanze kwa swali linaloweza kushikwa mkononi na mtu asiye mtaalamu, swali la sakafu, la mirathi, la shamba, la mtaji wa bao. Maana yeye aliyelishika swali ataivumilia njia ya jawabu hata ikiwa ndefu, ilhali aliyepewa jawabu bila ya swali huona kila mstari ni mzigo. La pili ni kwamba atoe sababu daima, wala asiseme tu kwamba wataalamu wamethibitisha. Kama Gardner angeliandika kwamba pembetano zimekwisha kuhesabiwa na wenye elimu, asieleze zilihesabiwa vipi na nyufa ziko wapi, Bibi Rice asingelipata pa kutia mguu. La tatu ni kwamba awaachie wasomaji kitu cha kufanya, na awape muda. Fumbo linalofumbuliwa papo hapo chini ya ukurasa ni fumbo lililouawa. Msomaji wa gazeti ana wiki nzima ya kulizungusha akilini, shambani, safarini, na hata kitandani kabla ya usingizi. Na furaha ya kulipata jawabu kwa akili yake mwenyewe, Jumatano usiku, baada ya kukosea Jumatatu na Jumanne, haiwezi kulinganishwa na kuambiwa.

Yako mambo ya kujiepusha nayo pia. Mwandishi asimbembeleze msomaji kwa kumwambia kila mara kwamba jambo ni rahisi, maana asiyelielewa atajiona mjinga maradufu. Asifiche ugumu pale ulipo. Aseme tu kwamba hatua hii inataka isomwe mara mbili, na msomaji ataisoma mara mbili kwa moyo mkunjufu. Asipambe makala kwa namba kubwa zisizo na kazi. Wala asidhani kwamba ladha ya hisabati imo katika hadithi zinazoizunguka, za wanazuoni waliosahau viatu vyao au waliokufa vijana. Ladha imo katika ile nukta ambapo pengo la pembeni hujazwa, mraba mkubwa ukakamilika, na mwandishi asiyemfikisha msomaji kwenye nukta hiyo amempa harufu ya chakula bila ya chakula.

Baadhi ya wenye elimu watahofu kwamba hisabati ikiletwa gazetini itashushwa hadhi. Sioni kwamba ushairi ulishuka hadhi kwa kusomwa na wengi, wala kwamba tafsiri ya mambo ya dini huharibika ikisemwa kwa lugha nyepesi na mjuzi mwaminifu. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii; lakini shule za msingi za Tanzania zimefundisha hisabati kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne, na namba tasa, shufwa na witiri, kipeo na kipeuo, wastani, mlinganyo, nusukipenyo na mzingo ni maneno yanayojulikana na mamilioni ya watu waliopita katika shule hizo. Maneno yapo tayari. Yamekosa mahali pa kutumika baada ya mtihani wa darasa la saba.

Kundi la tatu litasema kwamba simu imekwisha kutuondolea haja ya kuhesabu. Simu hutoa jawabu la swali uliloiuliza. Haikuambii kwamba swali uliloliuliza silo. Mtu hukopeshwa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo asipoilipa huongezwa juu ya deni na kuzaa riba nyingine. Akiuliza simu yake asilimia 10 mara miezi 12, itamjibu 120, naye atadhani kwamba mwisho wa mwaka atadaiwa 220,000. Lakini kila mwezi deni lote, pamoja na riba yake, huzidishwa kwa 1.1, mwezi wa pili ni 121,000, wa tatu ni 133,100, na mwezi wa kumi na mbili utakapokwisha atadaiwa shilingi 313,843. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni shilingi 93,843, na ni watu wanyonge, wasioambiwa sababu, ndio wanaoilipa. Kadhalika asilimia zinazotangazwa wakati wa uchaguzi, wastani wa mishahara, uwezekano wa kushinda katika michezo ya kubahatisha ambayo vijana wetu hutupia humo fedha zao kila siku: mambo yote haya humtaka raia awe na uwezo wa kuuliza namba ilitoka wapi na inalinganishwa na nini. Umma unaoona haya mbele ya namba ni umma ambao mwenye namba anaweza kuuambia lolote.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa magazeti ya Kiswahili, wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi, watenge nafasi moja kwa wiki, isiyozidi nusu ya ukurasa, kwa ajili ya fumbo la hisabati na majibu ya wasomaji. Na majibu yachapwe pamoja na majina ya walioyaleta, kama mashairi yanavyochapwa, na jawabu zuri kupita mengine liwe lile lenye sababu iliyo wazi, si lile lililofika mapema. Nawaomba walimu wa hisabati, ambao wengi wao wana mafumbo mazuri wasiyopata wasaa wa kuyatoa darasani kwa kubanwa na mtihani, wawe waandishi wa kwanza wa safu hiyo. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, huadhimisha Siku ya Pai kila tarehe 14 Machi, siku ambayo UNESCO mwaka 2019 iliitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Lakini siku moja katika mwaka haitoshi kumfanya mtu apende jambo, na gazeti hutoka kila siku. Radio nazo zinaweza kulisoma fumbo hewani kwa ajili ya wale wasiolipata gazeti, kwani fumbo zuri husemeka kwa mdomo.

Nami, ili nisiwe mtu wa kutaka wengine waanze, natoa fumbo la kwanza, ambalo ni kisa mashuhuri katika nchi nyingi. Mtu alikufa akaacha ngamia 17 na wana watatu, akausia kwamba wa kwanza apewe nusu ya ngamia, wa pili thuluthi, na wa tatu tusui. Wana walishindwa kugawana bila ya kumchinja ngamia, hata akaja jirani mwenye hekima akawaazima ngamia wake mmoja. Ngamia wakawa 18; wa kwanza akachukua nusu, yaani 9, wa pili thuluthi, yaani 6, wa tatu tusui, yaani 2; jumla 17, na jirani akaondoka na ngamia wake. Maswali ni mawili: kwa nini ngamia wa kuazima alirudi kwa mwenyewe, na je, kila mwana alipata hasa kile alichousiwa na baba yake? Aliyesoma mas'ala ya mimbari hapo juu kwa makini anao ufunguo mkononi, ila ajue kwamba safari hii mafungu hayakuzidi mali. Majibu yapelekwe kwa mhariri, yaandikwe kwa maneno, na kila jawabu liambatane na sababu yake.